Dakika Kumi na Moja

Kwanza ilikohoa. Kisha ikashusha sauti
kama mtu aliyekumbuka jambo katikati ya maneno,
ikanyamaza.
Dakika kumi na moja tangu tung'oe nanga,
safari ya kwanza tangu barafu iyeyuke.
Ilmar akatazama saa, mimi nikatazama tanga:
shuka lililoanikwa siku isiyo na upepo.
Upande wa Hiiumaa maji hayakuwa na hata kikunjo,
na feri ya saa tatu ilikwishatoka gatini.

"Mafuta yameisha," akasema Ilmar.
Nikafungua kifuniko, nikatumbukiza ufito:
tangi limejaa karibu na shingo. Nikafunga.
Nikalegeza skrubu ya juu ya chujio, spana namba kumi,
nikasukuma pampu kwa kidole gumba,
tiki, tiki, tiki,
mpaka mapovu yakaisha, dizeli ikatoka nzima,
rangi ya asali mpya.
Ikawaka kwa mguso wa kwanza.
Nikapangusa mikono, nikajiona fundi.

Dakika kumi na moja.

Nimetengeneza matrekta ya shamba la ushirika
miaka ishirini na sita.
Najua injini isiyowaka, najua inayowaka kwa kinyongo.
Hii ilikuwa aina ya tatu:
inawaka kwa furaha, halafu inakata tamaa.
Nikabadilisha chujio. La zamani lilikuwa na ute mweusi,
si mwingi, kijiko cha chai.
Nikakaza kila kiungo cha mpira,
nikapitisha kidole kwenye washa za shaba kutafuta unyevu.
Pakavu.
Ilmar akashika kitabu cha maelekezo, akasoma kwa sauti
ukurasa ambao ningeweza kumsomea gizani.
"Hakikisha mafuta yamo."
Nikafungua tena, ili anyamaze. Yamo. Nikafunga.
Ikawaka.

Kumi na moja.

Kwenda tezi na omo, marejeo ngamani:
nikarudi kule chini, goti moja ndani ya maji ya grisi,
nikaacha kuifikiria injini, nikazifikiria dakika.
Kilichovunjika hakina adabu ya saa.
Hiki kilikuwa kinabanwa.
Na kila mara, kabla haijafufuka, tulifanya nini?
Si pampu tu. Si skrubu tu.

"Funga kitabu," nikamwambia.
"Fungua kifuniko cha tangi. Polepole. Tega sikio."

Akafungua.
Tangi likavuta pumzi,
fyuuu ndefu, ya kuingia ndani,
kama mpiga mbizi aliyekawia chini.

Hatukusema kitu. Tukainama pamoja nje ya ubavu,
karibu na tezi, mahali pa tundu la hewa,
kishimo kisichozidi punje ya dengu.
Hapakuwa na tundu.
Palikuwa na rangi ya buluu, mikono mitatu, laini kama kioo,
kazi ya Ilmar ya mwezi Mei,
alipoipiga msasa mashua ya mama inchi kwa inchi,
wiki tatu, peke yake, akikataa msaada wangu
kwa kuwa mimi, alisema, mashua naipaka kama trekta.

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nayo mengi.
Feri ikapita mbali; wimbi lake likaja likatunyanyua,
likatuweka palepale.
Nikampa msumari.
"Toboa wewe."

Akaushika muda mrefu,
akaipapasa ile buluu kwa kiganja,
kama mtu anayetafuta mahali pasipouma.
Akatoboa.

Dakika ya kumi na moja hakuna aliyepumua
isipokuwa tangi.
Ya kumi na mbili, Ilmar akauliza
kama kahawa imebaki.