Kipimo: Moja kwa Hamsini

Kompyuta ni sita, sisi ishirini na wawili.
Zamu yangu huja saa nane, jua likichoma bati
na feni ikizungusha vumbi la saruji ya Hima.

Mwalimu Thembo kasema: choreni nyumba mnayoijua.
Nikachora ya mama, ile ya kando ya Nyamwamba:
ukuta milimita mia mbili na thelathini,
mlango wa kufungukia ndani, maana nje walilala mbuzi.
Dirisha nililikosea. Nikabonyeza tendua,
ukarudi ukuta mtupu, kana kwamba haukuwahi kutobolewa.

Nikabonyeza tena. Na tena.
Mlango ukaondoka. Jiko. Chumba cha Kabugho.
Mto ulifanya hivyo hivyo, usiku mmoja tu,
ila wenyewe haukuacha kitufe cha kurudisha.

Umeme ukakatika.
Hakuna aliyeguna; tumezoea.
Nikatoa rula yangu ya T, penseli niliyoichonga kwa wembe,
nikaanza upya, mita arobaini juu zaidi, mlimani.
Nilipofika kwenye msingi mwalimu akainama kutazama.
"Ithungu, mbona umeenda chini hivi?"

Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu mawe.