Egesho la Tisa

Saa sita kasoro dakika ishirini, usiku wa Januari.
Winnipeg imekazwa baridi kama parafujo:
nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
na upepo juu yake, ambao hakuna aliyeupima.

Ndege ya Toronto inakuja polepole, taa puani.
Tumboni ile nyekundu inapepesa, inapepesa,
maana yake: bado. Msinisogelee. Ningali na moto.

Rosendo yuko mbele, fimbo mbili za taa mikononi,
anaiita kama mtu amwitaye mtoto anayejifunza kutembea.
Yeye huona pua, na gurudumu la pua, na mstari wa njano
pale theluji ilipomwachia mstari.
Mabawa haoni. Mabawa ni yetu:
Delorme kulia, mimi kushoto.
Rubani naye haoni ncha ya bawa lake;
amekaa juu kule, ameazima macho yangu
bila kunijua jina.

Hatusemi. Masikio tumeyaziba;
hapa ulimi ni mkono.
Mkono juu, nafasi ipo, njoo.
Njoo.
Njoo.

Mwaka wangu wa kwanza kofia ya mtu iliruka
ikaingia kinywani mwa injini.
Kofia tu. Mwenyewe aliketi chini kwenye barafu
akijipapasa kichwa, kana kwamba anahesabu vilivyobaki.
Tangu hapo sivuki mstari mwekundu hata nikiitwa na mama.

Njoo. Kisha nikaliona:
trela la mizigo, tupu, limenyoosha mkono wake wa chuma
nje ya mstari, hatua moja, labda na nusu,
limevaa theluji, limejifanya sehemu ya usiku.
Na bawa linakuja, jeupe, limekunja ncha juu,
halina haraka, wala halina macho.

Fimbo zangu zilipishana kabla sijawaza.
Rosendo akapishanisha zake.
Tani sabini zikainama pua, zikasimama.

Madirishani nyuso. Mmoja amekwisha simama, begi begani,
mwingine anatazama saa. Mita kumi na mbili hadi mlangoni,
na wanaulizana kwa nini.
Kati ya bawa na chuma ningeweza kupitisha
sanduku moja la nguo. Dogo.

Injini zikazimwa. Tukangoja zile feni ziishe kuzunguka,
tukangoja, taa nyekundu ikafa,
ndipo tukaweka kabari, ndipo tukalisogelea trela.
Rosendo akanipiga bega. "Macho yako, Mwatime!"
akacheka, kicheko chake kikatoka mvuke mtupu.

Sikujibu. Nilikuwa nimeinama, natazama mpini
uliozungushiwa utepe wa bluu.
Utepe wangu. Niliufunga mwenyewe, Novemba,
ili chuma kisinichune kiganja.
Saa tatu nililivuta hadi pale, vidole vikafa ganzi,
nikasema nitarudi,
nikaenda kushika kikombe cha chai.

Ofisini Oksana Hrynchuk anajaza fomu.
Uharibifu: hakuna. Majeruhi: hakuna.
Kuchelewa: dakika kumi na tisa, pamoja na kutafuta gari la kuivuta.
Aliyesimamisha ndege: akaandika jina langu
kwa herufi kubwa, akatabasamu.
Aliyeacha trela:
kalamu ikangoja.

Wahenga husema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.
Vidole vyangu vilikuwa vimekwisha kujikwaa.
Nje, ndege imelala na kabari zake,
tumbo giza, mlango wazi,
watu wanatoka wakiburuta magurudumu madogo,
hakuna hata mmoja aliyegeuka.

"Andika tena lile lile," nikasema.
"Lile lile jina?"
"Lile lile."

Akaniangalia kwa muda. Akasema kuna nafasi hapa,
mistari miwili, ya kueleza sababu.
"Baridi," nikasema.
Halafu nikasema, "Hapana. Futa. Andika chai."