Damu Darasa la Kwanza

Tartu, mwezi wa tatu. Barafu ya mto inakatika
kwa mlio wa sahani zinazoanguka jikoni kwa jirani.
Daktari Vaike anaisoma karatasi ya maabara,
anaigeuza, anairudia:
surua, haikumbuki.
Pepopunda, kwa mbali.
Kifaduro, hata jina.

Miaka minne tangu kidonge cha mwisho.
Kile kisanduku chenye vyumba saba vya juma
nilikwambia nimekitupa, Leelo.
Kimo kabatini. Natilia misumari.

Hakuna aliyenionya kwamba dawa iliyoosha uboho
ingeosha na daftari,
kwamba chanjo zote ulizolilia ukiwa mchanga
zingefutika kama chaki.

"Basi mimi niko la tano," ukasema,
"na damu yangu iko la kwanza."
Daktari hakucheka.
"Itasoma," akasema. "Polepole. Tutaanza na surua."

Kwenye kuta za wodi walichora mashujaa wenye panga.
Uliwachukia. Sina vita, ulisema, nina homa.
Nami nilikuwa naosha tufaha kwa sabuni,
naandika idadi ya seli nyeupe kwenye mlango wa friji:
nukta mbili, nukta moja, kistari.
Bibi Hilja, mwenye mafua, alisimama nje kwenye theluji,
akapumulia kioo, akaandika jina lako kinyumenyume
ili wewe, ndani, ulisome sawasawa.
L ilimshinda.
Siku nzima ilibaki imegeuka.

Mwezi wa nne, baada ya sindano ya pili,
ukaja na homa kutoka shule.
Thelathini na nane, nukta nne.
Mkono wangu ulizifuata funguo za gari wenyewe.
Muuguzi wa zamu akasema kwenye simu:
"Subiri."

Subiri!
Zamani neno hilo lingekuzika.
Thelathini na nane ilikuwa ni viatu bila soksi,
ni taa nyekundu nisizoziona hadi hospitalini.

Nikakaa sakafuni, mgongo mlangoni pako,
kama mzazi aliyejibanza nje ya darasa
akisikia mwanawe akisoma kwa mara ya kwanza:
ba, be, bi,
anakwama,
anarudia,
na wewe huruhusiwi kumnong'onezea.

Alfajiri jasho lilikuwa limelowesha mto.
Ukaomba tango la siki.
Pua ikakutiririka, ukaipangusa kwa mkono wa shati,
na mimi, niliyekwisha kukugombeza kwa hilo mara mia,
niliyatazama makamasi yale
kwa heshima ambayo sijampa mtu.

Ulipolala tena nikaufungua mkoba,
ule unaokaa mlangoni, tayari, tangu mwaka ule.
Mswaki. Soksi. Sungura mwenye sikio moja.
Na nguo ya kulalia niliyoikunja kwa mikono yangu,
nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha:
ya mtoto wa miaka sita.