Maneno Yaliyozidi

Fomu inataka hadithi ya mafanikio,
maneno yasiyozidi mia mbili,
na picha moja: mkulima akitabasamu.

Nimeandika: Dhanmati Limbu, miaka hamsini na minane,
robo tatu ya ekari, iliki kubwa,
milima ya Taplejung, Nepal,
ameunganishwa na mnyororo wa thamani.
Nikaendelea, nikaendelea, kisanduku kikajaa.
Kompyuta ikakataa neno jingine.
Haya ndiyo yaliyobaki nje.

Siku ya kwanza nilipopanda kwake, mizani mgongoni,
aliniuliza mnyororo huo una urefu gani.
Nikamwambia: unaanzia hapa, shinani mwa mche,
unapita ghalani kwetu, unavuka mpaka,
unaishia kwenye sufuria la mtu huko Delhi.
Akasema: mnyororo ninaoujua mimi
una ncha mbili. Kigingi, na shingo.
Mimi niko ncha ipi?
Nilicheka. Sikuandika.

Ruzuku ilikwisha kutangazwa. Kampuni yetu,
watu saba na lori lisiloingia gia ya tatu,
ilishinda. Tulipigwa picha na hundi ya kadibodi
ndefu kuliko mkurugenzi.
Hundi ya kadibodi hainunui hata kiberiti.
Mkataba ulisema: tumieni kwanza, leteni risiti,
tutawarudishia nusu, kwa awamu, baada ya ukaguzi.
Iliki haisomi mikataba. Ilikomaa Septemba.

Tulikausha usiku. Tanuri jipya, la bomba,
moshi unapita chini kwa chini, haugusi kitu.
Dhanmati alikesha nalo kama anayeuguza mtu,
akipapasa mabati, akinusa.
Tanuri la baba mkwe lilimpa iliki nyeusi kama masizi
na macho mekundu, miaka thelathini.
Alfajiri iliki zikatoka na rangi ya ini bichi.
Akaokota moja, akaipasua kwa ukucha,
akamwonjesha mjukuu, akamnusisha mbwa,
mimi nikawa wa mwisho.

Magunia matatu. Sisi tulikuwa na stakabadhi.
Gajananda, mchuuzi wa Birtamod, alikuwa na noti,
bei pungufu kwa thuluthi, lakini noti.
Mwana yuko Doha, mwezi wa tatu hajalipwa,
na karo ya mjukuu haijui awamu.
Mawili akamuuzia Gajananda.
La tatu akalisukuma kwangu kwa mguu.
"Hili la kuwaonja," alisema.
"Chumvi haionjwi kwa bakuli."

Kwenye jedwali gunia moja linatosha. Amehesabiwa:
mnufaika wa mia nne na kumi na moja.
Tuliahidi mia sita.

Awamu ilifika Machi.
Nilipanda na fedha ndani ya soksi;
maporomoko yalikuwa yamekata njia mahali pawili.
Akazihesabu mara mbili, mate kidoleni,
halafu akafungua mlango, akanionyesha nyuma yake
mistari ya mkaa ukutani, mmoja kwa siku.
Mia moja na sitini na miwili.
Ndipo tulipompangia kubandika kalenda yetu.

Sikumwomba atabasamu. Nilimwomba asimame karibu na tanuri.
Akasimama, mikono kiunoni,
akiziba kibao cha wafadhili kwa mwili wake,
sijui kama kwa kusudi.
Ofisini wamesema picha haifai, nembo haionekani.
Nirudi.

Kuna kisanduku kingine, cha changamoto,
nafasi ya mstari mmoja.
Nimeandika: ncha ipi?
Nikafuta. Nikaandika: barabara.

Jana amenipigia simu, upepo ukimkatakata sauti.
Msimu huu, anasema, nitapata gunia moja na nusu.
Nimefungua jedwali tangu asubuhi.
Sioni safu ya kuandika ile nusu.