Daftari la Hesabu

Ofisi ya ustawi wa jamii ina benchi moja tu,
kwa hiyo tulikaa pamoja, Chilongani,
mara ya kwanza tangu kiangazi cha juzi,
katikati yetu begi la Seche nililobebea vyeti,
zipu yake ndiyo ile uliyoikaza kwa koleo
asubuhi uliyoondoka.

Afisa akauliza: Ndoa mlifunga wapi?
Ukatazama viatu vyako. Nami nikavitazama,
vimetobolewa na cheche za kuchomelea.
Hatukufunga, nikasema.
Tulipanga chumba Chang'ombe, tukapanga na vyombo.
Ng'ombe walibaki mdomoni mwa mjomba wake,
kila mwaka wanakonda,
kila mwaka mvua haijatosha.

Akaandika. Nilidhani kalamu itasita.
Haikusita.

Basi nikatoa daftari.
Machi, elfu thelathini. Aprili, sifuri.
Mei, sifuri, simu haipatikani.
Juni, viatu vya shule, vidogo, dukani wakakataa kuvirudisha.
Julai, upepo ule unaohamisha vumbi
kutoka uani kwa jirani hadi kwenye sufuria yangu,
kikohozi, siku nne wodini,
dawa kwa mkopo wa mama muuza ubuyu.
Sifuri zako nilizizungushia wino mwekundu
hadi karatasi ikachanika.

Afisa alifunua, akafunua, akasimama.
Hapa umeandika nini, mama?
Sikukumbuka. Nikasoma kwa sauti, mwandiko wangu mwenyewe:
*Tarehe 19 usiku. Amekuja. Msumari wa ukutani umeng'oka,
ameshika chupa ya dripu kwa mkono hadi alfajiri.*
Ilikuwa imeandikwa pembeni, kwa kubanana.
Haikupata mraba wa kukaa.

Ukakohoa. Ukasema unataka Jumamosi mbili kwa mwezi,
na jina lako kwenye cheti.
Mimi nilijua cheti kina nini.
Muuguzi aliniuliza: Baba?
Wewe ulikuwa Kibaigwa, kwenye mageti ya watu,
nami nilikuwa na nyuzi tisa na hasira.
Nikamwambia, weka kistari.
Miaka sita mtoto anatembea na kistari kile
na si wewe uliyekichora.

Mama yako humwita mtoto wa nje.
Nje ya nini? Alizaliwa ndani, mlango umefungwa,
mvua ya kwanza inapiga bati.
Tuliotoka ni sisi.

Rudini Jumatatu, afisa akasema,
mje na cheti, mje na kitambulisho cha baba,
na wewe, baba, uje na kiasi utakachoweza,
si kiasi utakachoahidi.

Nje, jua la saa sita lilikuwa limelala barabarani.
Ukaniuliza: Siku hizi anakula mlenda?
Anakula, ukitiwa karanga.
Ukatikisa kichwa kana kwamba unaliweka hilo mfukoni.
Nikaondoka kabla hujauliza la pili.

Sijakusamehe Aprili. Mei bado nakudai.
Lakini Jumamosi njoo na ile barakoa yako ya kuchomelea,
yenye kioo cheusi.
Anataka kulitazama jua bila kufumba macho,
na mimi hilo siwezi kumnunulia.
Njoo saa tatu.
Usichelewe.
Nitaandika.