Ijumaa, Kabla ya Mvuke

Kamera ya dijitali nimeibandika plasta mgongoni,
plasta ya kliniki, ya rangi ya ngozi,
juu ya kioo chake, isinionyeshe kitu.
Mtu akipiga picha kisha akainama kuitazama,
ile inayofuata imeshavuka barabara.

Miaka ishirini na saba nimepiga picha meno ya watu wa Oulu.
"Usimeze mate," nasema, najificha nyuma ya ukuta,
nabonyeza, narudi.
Hakuna aliyewahi kuniuliza kama picha imependeza.
Wanauliza kama itauma.

Ya filamu niliuziwa na Raimo, fundi viatu,
kwa bei ya buti; namaanisha la mguu mmoja.
Chuma kitupu, haijui betri.
Baridi ikishuka nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri
ile ya plasta hukata roho kabla sijavuka daraja,
naitia kwapani kama kifaranga.
Ya chuma inadunda tu.
Ila nisiisifu mno: mkanda nao hukakamaa,
ukiuzungusha kwa pupa unavunjika kama biskuti,
na mimi pupa nimezaliwa nayo.

Mikanda hulala kwenye friza
kati ya samaki na matunda ya msituni ya Agosti.
Kaka yangu Tauno hupekua akitafuta aiskrimu:
"Aulikki, nyumba hii inagandisha hata vivuli!"
Nacheka. Simwambii kwamba amepatia.

Ijumaa chumba cha mvuke ni changu.
Mawe ya jiko yamepoa, benchi zimekauka,
nasokomeza taulo kwenye ufa wa mlango,
vidole vinatafuta njia gizani.
Pale panapotundikwa matawi ya kujichapia mgongo
natundika picha, zinachuruzika.
Ijumaa nasafisha picha, Jumamosi tunajisafisha sisi.
Safari moja Tauno alitoka ananuka siki
akala chakula cha jioni kimya kimya.

Januari alitumbukia kwenye tundu la barafu,
kwa hiari yake, na kofia ya sufu kichwani.
Dijitali ilipiga mia na arobaini.
Ya chuma ilibaki na moja;
nikabonyeza, nikazungusha, nikasikia *ta!*
Gizani nikapapasa mkanda, umechanika:
kichwa cha Tauno, ukingo wa barafu,
kisha basi.

Nikaipenda siku nzima ile nusu.
Nikajisemea, bahati hukaa kwenye filamu,
dijitali ina akili tu.

Jioni nikabandua plasta.
Tauno akachagua ile aliyobana tumbo,
akawatumia watu wote, hadi daktari wake.
Mimi nikaendelea kupekua,
mpaka moja ambayo sikuipiga:
kidole kilijibonyeza wakati naitia kwapani.
Sufu ya koti, ukungu, pindo la glovu,
na kwenye kona, juu ya mbao,
nyayo nne za maji
zinageuka barafu, zinaelekea mlangoni,
mwenyewe hayupo.

Sikumwonyesha mtu.
Nimeichapa ndogo, ukubwa wa picha ya jino,
ipo ndani ya mlango wa kabati la dawa.

Kisha nikakata plasta mpya,
nikaibandika palepale,
nikaikandamiza kwa dole gumba mpaka ikashika.