Nukta

Mimi ndiye niliyeshika daftari.
Penseli, kifutio kilichong'atwa upande mmoja,
dawati la darasa la nne tulilolibeba wawili
hadi ukingoni mwa uwanja, Cheyo,
Jumamosi, baada ya usafi.

Kila mpira usioleta mkimbio
mwandishi huuwekea nukta.
Hakuna anayeshangilia nukta.
Nyamizi Lukelesha alianza na nukta kumi na tisa.

Gongo lake la kwanza lilikuwa la mninga.
Fundi Maganga wa Isevya alilichonga kwa kukisia
kutoka picha ya gazeti lililofungia maandazi.
Zito kama mlango.
Na mama yake, aliposikia binti anatembea na gongo
mchana kweupe, mbele ya walimu,
alikuja mbio, khanga begani,
kuapa kwamba kwao hawapiki, hawauzi, hawaonji.
Tulimwonyesha. Akalipima kwa mikono miwili.
"Hili," alisema, "lingefaa kutwangia."

Mpira tuliung'arisha kwa nta ya Sikonge
iliyoganda kwenye kopo la mjomba wake.
Ukitoka mkononi ulinuka asali,
na nyuki wawili watatu waliufuata hadi vijitini.
Mrushaji akipiga kelele, hatukujua
kama ni wiketi au ameumwa.

Alipoitwa timu ya taifa alikuwa na miaka kumi na saba.
Treni, michembe ndani ya kifuko cha sukari,
raba za kuazima.
Huko wakampa gongo la kweli, jepesi,
na miezi minne nzima akawa anapiga
kabla mpira haujafika.
Mikono yake ilikuwa imefundishwa na uzito.
Ilibidi ijifunze upya kusubiri.

Sikusafiri naye hata mara moja.
Nilikuwa nikikaa dirishani, Kiloleni, simu ikichaji,
nikiandika alichonitumia:
nne, moja, nukta, nukta, mvua.

Kutoka Ailandi alituma maneno mengi kuliko mikimbio.
Nyasi za huku zinashika maji kama mchicha.
Nimevaa sweta mbili.
Aliyenitoa ni mwanamke mrefu,
uso wake una madoadoa kama yai la kanga.
Kazi yake ni uuguzi, zamu ya usiku.
Ameniuliza nani ananilipa siku ninazokosa kazini.
Nikamwambia: na wewe?
Tukacheka hadi mwamuzi akageuka.

Miaka kumi na moja. Mechi thelathini na nane.
Mikimbio mia sita na saba.
Siku moja, sitini na moja, bila kutolewa;
siku hiyo nilivunja ncha ya penseli mara mbili,
na jirani aligonga ukuta kuuliza nani amefariki.

Kisha goti.
Kisha orodha iliyotoka bila jina lake.
Hakuna barua ya kuachwa, usidhani.
Jina hukosekana tu, kama jino,
na ulimi ndio unaorudi kulitafuta.

Sasa anapima tumbaku kwenye chama cha msingi,
vumbi la kahawia kwenye nyusi,
na Jumamosi anachechemea mbele ya wasichana ishirini
akiwafokea wasikimbilie mpira: uache uje, uache uje.

Juzi aliniomba daftari la zamani.
Nikadhani anataka ile sitini na moja.
Akafungua ukurasa wa kwanza,
akapitisha kucha juu ya zile kumi na tisa, polepole,
kama mtu anayechambua mchele.
"Hii yote," akasema, "ni mipira iliyoshindwa kunitoa."

Mimi niliyeziandika sikuwahi kuzisoma hivyo.

Gongo la mninga liko jikoni kwa mama yake.
Karanga zinalijua vizuri.
Huyu mtoto mpya, Kalunde, amekaa vijitini,
mpira umempita sikioni, hakufumba macho.
Nachonga penseli.
Naweka nukta.